Tuta la Mchanga Nyuma ya Jikoni

Mtaani wanamwita Dobi, na jina hilo hakuliokota njiani. Tangu akiwa msichana hadi siku aliyostaafu alifua mashuka ya hospitali: ya waliojifungua, ya waliopasuliwa, ya waliokata roho kabla hawajabadilishiwa. Macho yake huona doa pale ambapo mimi na wewe tunaona kitambaa cheupe. Ukimtembelea, kabla hujaketi ameshaiona kola yako. Hatasema, ila ujue ameiona.

Mumewe alikuwa fundi wa plasta, na mafundi wenzake walimwita Laini, kwa sababu ukuta uliopitiwa na mwiko wake ungeweza kuulazia shavu. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Ukimkosea leo, atakujibu kesho kutwa, tena atakujibu kwa kukutengenezea bawaba ya mlango. Tabia hiyo ilimchosha mkewe kupita kiasi. Mwanamke mwenye ulimi anataka mtu wa kurushiana naye maneno, na kugombana na Laini ilikuwa ni kugombana na mojawapo ya kuta zake.

Nyumba yao ina vyumba viwili, stoo na jiko la nje, na nyuma ya jiko ndipo ilipo bustani. Dobi aliianza alipostaafu. Alisema mikono iliyozoea maji ikikaa kavu itaota ukoga, basi akapanda mchicha, nyanya, vitunguu na bamia, akawa anawauzia majirani. Alipanda kila kitu isipokuwa maua. Maua aliyatamani sana, lakini kila alipoyataja mumewe alimjibu vile vile: "Maua hayaliwi. Halafu ua ninalo humu ndani, tena lina miiba."

Shida ilianza na paka. Walikuwa watatu: wa kijivu mwenye sikio lililochanika, mweusi, na jike mmoja wa manjano. Hawakuwa wa mtu. Laini aliwakaripia mbele ya mkewe, na mkewe akigeuka tu, huyo anawatupia vichwa vya samaki. Sasa paka ana heshima zake. Hajisaidii mahali pagumu wala penye tope. Anatafuta udongo mkavu, mlaini, ulioparuliwa ukaparulika, achimbe, amalize haja yake, afukie. Na katika mtaa mzima, mwenye udongo wa namna hiyo alikuwa nani? Matuta ya Dobi yakawa choo cha paka wa mtaa.

Asubuhi moja alikwenda kung'oa vitunguu, mkono ukazama mahali usipotakiwa kuzama. Wanaomfahamu wanaweza kukisia yaliyofuata.

"Nimefua mavi ya watu maisha yangu yote!" alimwambia mumewe, mkono ameunyoosha mbele kama si wake. "Nikasema nikistaafu nitapumzika. Sasa wewe umeniletea mavi ya paka! Leo uchague, mzee. Hao paka au mimi!"

Laini alimtazama, akatazama mkono. Dobi akanawa mara tatu, akajifunga khanga, akaenda kwa jirani yake, fundi cherehani, kumalizia hasira huko.

Aliporudi, jua lilikuwa limeshapinda. Mumewe alikuwa ameketi kizingitini, suruali imejaa vumbi, anajipangusa jasho. Nyuma ya jikoni, kwenye kona ambayo haikuwa na kitu, palikuwa na tuta jipya. Lilizungushiwa matofali na kusakafiwa kingo, na juu yake palitandazwa mchanga laini kama unga, umesawazishwa kwa ubao. Kwenye pembe moja ya sakafu Laini alikuwa amebonyeza kidole gumba. Ndivyo alivyofanya kila alipomaliza kazi. Kazi isiyo na dole hilo, kwake ilikuwa bado.

"Tayari," alisema. "Sasa subiri, utaona mwenyewe."

Dobi hakumjibu. Hasira ilikuwa haijaisha, na kwa kweli alikuwa ameibeba kutoka kwa jirani ikiwa ya moto zaidi. Aliingia ndani, akamimina chai, akaiweka kizingitini bila neno, akarudi ndani. Alipotoka kuchukua kikombe, chai ilikuwa haijaguswa. Laini alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ukuta aliouplasta kwa mikono yake, macho yametazama kwenye kona ya bustani, na hakuwa anapumua.

Watu walikuja, wakazika, wakalia, wakatawanyika. Dobi alibaki na mwiko wa marehemu dirishani, viatu vyake vyenye saruji mlangoni, na swali moja lililokuwa likimtafuna kuliko msiba wenyewe: mzee aliondoka amenuna? Neno la mwisho alilomwambia lilikuwa la ugomvi, na neno la mwisho aliloambiwa hakulijibu. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua. Alitaka tu kujua kama yalikuwa yamemwagikia moyoni mwa mtu.

Ndipo alipoanza kulitazama lile tuta. Mtu huandaa tuta zuri namna ile kwa ajili ya nini, kama si kupanda? Na akisema "subiri, utaona mwenyewe", unasubiri nini, kama si kitu kitakachoota? Akakumbuka maua aliyoyaomba miaka nenda miaka rudi. Laini hajibu leo, hujibu kesho kutwa, tena kwa mikono. Basi hili ndilo jibu lake, alijiambia. Amenipandia maua. Yakiota nitajua kwamba alinisamehe. Yasipoota, basi nitakaa na lile neno langu mpaka tutakapokutana tena.

Akaanza kulimwagilia asubuhi na jioni.

Sauti ilianza wakati huo huo. Alfajiri, kabla jogoo hawajakamilisha zamu yao, Dobi aliisikia kutoka nyuma ya ukuta wa chumba: kwaru... kwaru... kisha kimya, kisha kwaru tena. Aliifahamu. Ameolewa na sauti hiyo. Ni mwiko unaopita juu ya plasta mbichi, fundi anaposawazisha mara ya mwisho. Mara ya kwanza kuisikia alisahau kila kitu, akaita kwa sauti ya usingizi, "Mzee, unafanya nini huko saa hizi?" Kisha mkono wake ukagusa upande wa pili wa kitanda, ulio baridi, na nywele zikamsimama.

Akapiga moyo konde, akatoka. Kwenye tuta mchanga ulikuwa umeparuliwa, na katikati yake pamefukiwa kitu ambacho pua yake haikuhitaji kuambiwa. Paka. Alicheka peke yake kwa aibu ya kuogopa paka, halafu akalia, kwa sababu walikuwa wakifukua mbegu za mumewe.

Tangu hapo ikawa vita. Fundi cherehani alimpa mashauri yote aliyokuwa nayo, na yule mama hakosi shauri. Dobi akatandaza maganda ya machungwa, paka wakayasogeza pembeni kwa adabu. Akanyunyiza pilipili ya unga, upepo ukageuka, akapiga chafya yeye hadi mchana. Akasimamisha chupa za maji, eti paka huogopa mng'ao wake, na yule wa kijivu akaonekana akijikuna shingo kwenye chupa. Akaweka matawi ya miiba. Yalimchoma yeye.

"Jirani," fundi cherehani alimwambia siku moja, wamesimama pamoja wanaliangalia, "mimi hilo tuta silipendi. Hebu liangalie vizuri. Urefu wake. Upana wake."

"Lina nini?"

"Lina urefu wa mtu aliyelala. Na paka wanalichimba kama wanamtafuta mtu."

"Toka hapa na maneno yako," Dobi alisema. Jioni hiyo hakulimwagilia. Asubuhi yake aliona aibu, akalimwagilia mara mbili.

Mwisho alipata dawa. Stoo palikuwa na chekeche, lile fremu la mbao lenye wavu ambalo mafundi hulitumia kuchekechea mchanga, kubwa kama mlango. Alilikuta limeegemezwa ukutani baada ya msiba. Akalilaza juu ya tuta, likafunika lote barabara, maji yanapita na paka hapiti. Akajipongeza.

Wiki hiyo hiyo paka walirudi kwenye mchicha. Wakafuata vitunguu, wakafuata bamia. Kumbe muda wote ule, tangu msiba, mboga hazikuwa zimeguswa hata mara moja, lakini Dobi hakuwa na macho ya mboga. Mwanamke anayeona doa kwenye shuka jeupe hakuliona hilo. Wateja wakaanza kusema mchicha bado wanao nyumbani, ahsante. Naye akawa anasafisha uchafu wa paka katika matuta mengine yote kila siku, anatukana kila siku, ili mradi lile moja libaki salama.

Ila sauti haikukoma. Hilo ndilo lililomtisha. Chekeche lilikuwa juu ya mchanga, mchanga haukuguswa, asubuhi unaukuta ulivyosawazishwa, na bado alfajiri anasikia: kwaru... kwaru... "Unataka nini, mzee?" aliuliza akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani. "Umenuna? Niambie basi kama umenuna." Kwaru, ikamjibu, kwaru, na kuendelea mpaka kukapambazuka.

Kisha kitu kikaota. Jani moja, jembamba, la kijani kibichi, lililochungulia kwenye tundu la wavu. Dobi alipiga magoti, akashika mdomo, akakimbia kwa jirani peku. Fundi cherehani alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akainama, akaangalia, akainuka taratibu.

"Jirani," alisema, "si ndago hii?"

"Ndago kitu gani! Wewe unajua maua au unajua vifungo?"

"Haya, ni ua," alisema jirani, akaondoka. Rafiki wa kweli hujua wakati wa kudanganya.

Ilikuwa ndago. Ilikua, ikazaa ndago nyingine, na Dobi, ambaye katika mchicha asingeiacha ndago ione jua la pili, aliimwagilia.

Binti yake, anayeishi mji mwingine na mumewe, alikuja kumwona akakuta mama amepungua mwili na macho yameingia ndani. Alikaa siku chache, na alfajiri ya kwanza tu alimwona mama yake ameketi kitandani, anazungumza na ukuta.

"Mama, twende kwangu," alimwambia wakati wanapepeta mchele. "Nyumba tutapangisha. Hapa utaumwa."

"Siendi kokote mpaka maua ya baba yako yaote."

"Maua gani, mama? Hilo ni gugu!"

"Basi yako chini yake."

"Na yasipoota?"

Dobi aliendelea kupepeta. Pumba ziliruka, mchele ukarudi. "Yasipoota," alisema hatimaye, "nitakuwa nimejua. Mtu akijua anaweza kwenda popote, kwa sababu popote ni sawa tu." Binti akaweka ungo chini, akamshika mama yake mkono, wakakubaliana kwamba mvua zikianza kitu hakijaota, anakuja kumchukua. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Aliyefuata kugonga mlango alikuwa Toroli. Huyu alikuwa saidia fundi wa Laini tangu ujana wao, mtu mwembamba mwenye kucheka ovyo, na jina alilipata kwa kusukuma toroli bila kuchoka. Alikuwa ameenda kwenye ujenzi mbali, asubuhi ya siku ile ile aliyofariki Laini, na habari zilimfikia watu wameshazika. Aliingia ameshika kofia mkononi, akalia kidogo, akapewa chai, akasifia chai. Kisha akakohoa.

"Shemeji, usinione sina haya. Mzee aliazima chekeche langu. Kazi nyingine imepatikana, na bila chekeche mimi ni mpita njia tu."

"Lile chekeche ni lako?"

"Langu, shemeji. Alikuja kulichukua ile asubuhi, pamoja na mchanga wangu uliobaki. Mimi huyo nikaondoka, sikumwona tena."

Dobi akampeleka nyuma ya jikoni. Toroli alipoona chekeche lake limelala juu ya tuta, na ndago zimechomoza kwenye wavu, alisimama kinywa wazi.

"Shemeji. Mbona umewafungia?"

"Nimewafungia kina nani?"

"Paka." Alikuna kichwa. "Au aliwajengea kwingine?"

Dobi alimgeukia. Akashika ukuta. "Sema unachosema," alisema polepole. "Sema vizuri."

Toroli akaangalia huku na huku kama mtu aliyekanyaga kitu. "Shemeji, mimi najua alichoniambia. Alikuja anacheka peke yake. Nikamwuliza, mzee mbona una furaha, nyumbani kwema? Akasema, nyumbani kumewaka moto. Mke wangu kaniambia nichague, yeye au paka, na ana haki yake, mkono wake ulikuwa... basi, akanieleza mkono ulivyokuwa. Akasema, mimi sichagui, kila mtu namjengea chake. Paka anapenda mchanga mkavu laini, nampa mchanga mkavu laini. Wakishakijua choo chao, mboga hawagusi tena. Akasema, huyu mwanamke amefua vya kutosha. Ndivyo alivyosema, shemeji. Amefua vya kutosha."

Alimsaidia kuinua chekeche. Dobi akapiga magoti, akang'oa ndago, akatia mikono yote miwili kwenye mchanga. Alichimba hadi kwenye viwiko. Hapakuwa na mbegu. Palikuwa na mchanga uliochekechwa mara mbili, na chini yake kokoto, ili maji yapite na tuta lisitote. Maji! Yeye alikuwa akilimwagia maji asubuhi na jioni.

Alianza kucheka. Alicheka akiwa amekaa chini na mchanga mapajani, choo cha paka, yeye Dobi, na kicheko kikageuka bila kutoa taarifa, akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Toroli alisimama na chekeche lake asijue pa kuliweka. Hakukuwa na ua hata moja, wala mzee hakuwahi kununa, wala hakufa na neno lile moyoni. Alikufa akisubiri mkewe afurahi. Na mkewe alimwekea chai kizingitini bila kufungua mdomo.

Siku hiyo hiyo Dobi aliondoa miiba, maganda na chupa, akaugeuza mchanga ukauke. Paka wa kijivu alikuja jioni, akazunguka, akanusa, akamtazama Dobi kwa mashaka ya haki kabisa, akaingia. Baada ya wiki mchicha ulikuwa safi. Binti alipiga simu kuuliza kama yameota.

"Hayakuota," Dobi alisema.

"Basi nije, mama?"

"Njoo kunisalimia. Kuhama sihami."

Mvua zikaanza. Alfajiri moja ilinyesha ile ya kumwaga ndoo, na Dobi akakimbilia jikoni kuwasha moto akiwa na gunia kichwani. Paka wote watatu walikuwa humo, wamejikunja karibu na mafiga: wa kijivu, mweusi, jike wa manjano. Hakuna paka anayetoka kwenye mvua ya namna hiyo. Aliwasha kibiriti, akakisogeza kwenye kuni, na nyuma ya ukuta, katikati ya mvua, akasikia: kwaru... kwaru...

Paka wa kijivu aliinua sikio lake lililochanika.

Dobi hakuogopa. Alitulia na kibiriti mkononi mpaka kikamuunguza kidole, na wazo likamjia pole pole. Muda wote huu alikuwa akimwuliza mzee maswali. Yeye mwenyewe hakuwa amemjibu. Mtu alisema "utaona mwenyewe", na bado alikuwa pale anasubiri kuambiwa.

"Nimeona, mzee," alisema. "Nimeona. Ni pazuri. Ahsante."

Sauti ikanyamaza, kama fundi aliyeweka mwiko chini. Ikabaki mvua tu. Dobi alingoja mpaka kukapambazuka na chai ikachemka ikapungua, lakini haikuanza tena.

Haijarudi mpaka leo. Kila asubuhi Dobi anasafisha lile tuta kwa koleo dogo, bila kukunja pua, kisha anapitisha kidole gumba chake kwenye lile dole la pembeni, na wateja wa mchicha wamerudi. Watu wanasema amepona. Yeye alimwambia fundi cherehani jambo ambalo hakumwambia mwingine: kwamba bado huamka alfajiri akaketi kitandani kusikiliza, na kwamba anajilaumu kwa kumjibu upesi vile. Angejua kwamba akishajibiwa ataondoka, alisema, angenuna kidogo zaidi.